Kumvalisha Papa

Jumatatu, 4 Agosti

Umeme umekuja saa nne, umeondoka saa saba. Katikati nimefanya masikio ya Papa, baba yangu, kwenye kompyuta. La kushoto lilikuwa kubwa kidogo kuliko la kulia. Programu haipendi hilo. Ukivuta upande mmoja wa kichwa, upande wa pili unafuata wenyewe. Nimezima ule ulinganifu, nikavuta sikio moja tu. Sasa hayalingani. Sasa ni yake.

Zimebaki siku kumi na tisa. Tarehe 23 tunamaliza kilio, mwaka mzima tangu Papa atutoke. Misa asubuhi, halafu watu wote wataingia ukumbi wa parokia, watakula, wataangalia filamu yangu ukutani. Dakika tatu. Papa anatoka nyumbani, anatembea mpaka kwenye duka lake la viatu, anafungua mlango, anawapungia watu mkono.

Wazo ni la yaya Gratien, kaka yangu mkubwa. Alipiga simu kutoka Kinshasa: "Espe, weye si unafanyaka batu ya kuchezacheza ku écran? Utufanyie Papa."

Watu wa kuchezacheza kwenye skrini. Miaka saba ya kazi, na hilo ndilo jina aliloipa.

Jumatano, 6 Agosti

Nguo leo. Lile koti la bluu la kazini, refu, mfuko wa kifuani umelegea kwa kubeba kalamu. Kitambaa kinachokuja na programu ni laini mno, kinateleza kama gauni la bibi harusi. Nimekiongezea uzito na ugumu mpaka kikasimama mabegani. Nimechubua rangi kwenye viwiko. Nimeweka kalamu tatu.

Suruali ilinitesa. Mguu wa kushoto wa suruali umekunjwa kwenda juu, umebanwa na pini mbili chini ya nyonga. Mama alikuwa anazifunga zile pini kila asubuhi kabla ya chai. Kitambaa kilikuwa kinajifungua. Mara nane kimejifungua, mguu mtupu wa suruali ukabaki unaning'inia. Mwishoni nimekishona kwa nguvu, nukta kwa nukta.

Mguu wenyewe niliumaliza mwezi uliopita. Umbo la mwanaume linakuja tayari na miguu miwili, hakuna kitufe cha kuondoa mmoja. Nilikata pajani, nikaziba ngozi, nikafuta mifupa ya ndani, na mwili mzima ukaanguka upande kwa sababu uzito wote ulikuwa umegawanywa kwa miguu miwili. Nikaanza upya. Wiki tatu.

Jumamosi, 9 Agosti

Papa Saleh amekuja kutoka Simi-Simi, amevaa kanzu ya kwenda msikitini. Ni fundi cherehani, na alikuwa rafiki ya Papa kwa muda mrefu kuliko mtu yeyote. Walijuana mahali wanapotengeneza magongo. Lori lilikuwa limemponda mguu wa kulia. Papa alikuwa hana wa kushoto. Wakaangaliana chini, wakacheka, na tangu siku hiyo walinunua viatu pamoja. Jozi moja, watu wawili. Papa kiatu cha kulia, Papa Saleh cha kushoto. Mguu wa Papa Saleh ni mdogo kidogo, anajaza kitambaa mbele.

Nilimwita kwa sababu hakuna mwendo wa mtu wa mguu mmoja katika programu. Kuna wa mlevi, wa mwanajeshi, wa mwanamke mjamzito, hata wa maiti anayefufuka. Huo haupo. Nikamwomba atembee uani nimchukue video. Ametembea mara kumi na mbili. Amekataa kupumzika.

"Papa yako alikuwa anatupa bega mbele kwanza," ameniambia. "Mimi hapana. Ngoja nifanye ya kwake."

Akafanya ya Papa. Bega mbele, magongo, mguu. Ilinibidi nishike kamera kwa mikono miwili.

Nimeigeuza video, kulia ikawa kushoto, nikampa Papa ule mwendo. Anatembea. Ni yeye kabisa. Papa Saleh ameuliza kama ataiona. Nimemwambia atakaa mstari wa mbele.

Jumanne, 12 Agosti

Nilimtumia Gratien kipande cha kwanza jana. Leo amejibu kwa sauti. Nimesikiliza mara tatu, nitaandika hapa nisije nikaambiwa nilisikia vibaya.

"Donc, iko muzuri, kweli. Lakini ule muguu, hapana. Umurudishie muguu. Na ile koti ya kazi uitoe, umuvalishe costume. Batu bamukumbuke muzima."

Muzima. Kama vile Papa niliyemjua mimi alikuwa nusu.

Miaka kumi na mitano Kinshasa. Alikuja nyumbani mara nne, mara moja ikiwa ni mazishi. Nani alikuwa anasukuma mlango wa choo na kusubiri nje? Nani alikuwa anampaka mafuta pajani mvua ikinyesha, pale palipokatwa palipokuwa panamuuma? Si yeye. Na sasa anataka kuchagua viungo.

Nina jambo moja ambalo sijawahi kuliandika popote. Nitaliandika.

Mwaka wa mabomu, majeshi mawili ya kigeni yalipopigania mji wetu, nilikuwa na miaka minane, Gratien kumi na miwili. Tulikuwa chini ya kitanda na Mama siku ya pili, sufuria zimetuzunguka. Gratien alikuwa na njiwa nyuma ya nyumba. Alitoka kuwafuata. Mama alishika hewa. Papa akatoka nyuma yake. Gratien alirudi kupitia uzio wa jirani, njiwa wawili ndani ya shati, hana hata mchubuko. Papa aliletwa na watu wawili juu ya mlango uliong'olewa.

Nyumbani kwetu inasemwa hivi: Papa alitoka kutafuta maji. Ndivyo Mama alivyowaambia majirani, ndivyo Papa mwenyewe alivyosema mpaka kufa. Gratien hakusema lolote. Wote wanadhani nilikuwa nimelala. Nilikuwa nimefumbua macho.

Simrudishii mguu. Atauona ukutani mbele ya watu wote. Nataka auone.

Alhamisi, 14 Agosti

Gratien ametua Bangboka saa sita. Nilienda kumpokea kwa sababu Mama alisema niende. Amenenepa. Amevaa miwani ya jua mpaka ndani ya nyumba. Alimkumbatia Mama kwa muda mrefu, mimi akanipiga bega. Amekula lituma yote, zile ndizi za kuponda, akasifu, akauliza kuhusu filamu akiwa bado anatafuna.

Nimesema bado naifanyia kazi.

Ijumaa, 15 Agosti

Asumpta, sikukuu ya Bikira Maria. Misa. Sijasali.

Jumapili, 17 Agosti

Kikao cha familia baada ya misa. Tonton Kambale, mdogo wake Papa, amefika kutoka Butembo, na yeye ndiye mwenye neno la mwisho siku hizi. Gratien aliwaonyesha kipande kwenye simu yake. Wote waliinama. Shangazi mmoja alilia alipoona bega la Papa linavyokwenda mbele. Nilidhani nimeshinda.

Gratien akasema siku ya kumaliza kilio ni siku ya kumtoa marehemu katika mateso, si ya kumrudisha humo. Akasema Papa sasa yuko kwa Mungu na kwa Mungu hakuna magongo. Alisema vizuri sana. Anajua kusema.

Mimi nikasema Papa alitembea na magongo miaka ishirini na minne, na wote waliokula kwake walimkuta nayo. Sauti yangu ilipanda. Hilo lilikuwa kosa.

Tonton Kambale akasema: "Mukubwa ameshasema. Bon. Umuweke muguu, mutoto wangu, umuvalishe vizuri, tuzike maneno."

Nilimwangalia Mama. Mama aliyefunga zile pini. Alikuwa anachambua maharage kwenye sinia. Hakuinua kichwa. Nilisubiri mpaka maharage yakaisha. Alipiga sinia chini, akaondoka kwenda jikoni.

Basi. Niko peke yangu.

Jumatano, 20 Agosti

Dakika kumi.

Wiki tatu kumkata mguu, dakika kumi kumrudishia. Nimefungua umbo lilelile la mwanzo, lile linalokuja na programu, nimebandika kichwa cha Papa juu. Miguu miwili mizuri, magoti mazuri. Costume, suti ya kijivu, ilikuwa tayari katika nguo za "mwanaume wa ofisi". Tai. Viatu viwili vyeusi vinavyong'aa. Mwendo nimechukua ule unaoitwa "mtu anayejiamini". Papa anateremka barabara kama waziri anayeteremka kwenye ndege. Mikono inayumba. Mikono ya Papa haikuwahi kuyumba, ilikuwa na kazi.

Gratien alisimama nyuma ya kiti changu. Akaomba nywele ziwe nyeusi kidogo. Nikafanya. Akaomba kovu la mkononi litoke. Nikafuta. Akaomba uso usikunjwe hivyo kati ya nyusi. Nikanyoosha. Kila alichoomba kilikuwa kubofya mara moja. Sikio la kushoto hakuligundua, nimeliacha.

Nilipobonyeza na Papa akaanza kutembea kwa miguu miwili, nilisikia Gratien anavuta pumzi. Alikuwa analia. Alivua miwani, akajifuta kwa tai yake.

Nilimchukia kwa kulia. Nilimwona kama mtu aliyepewa kitu cha mwenzake na anashukuru.

Ijumaa, 22 Agosti

Nimejaribu projekta ukumbini. Inafanya kazi. Wanawake wa parokia wanapanga viti. Mmoja ameuliza huyu mzee mzuri ni nani. Alikuwa ananunua viatu kwa Papa kila mwaka shule zikifunguliwa.

Nimezima projekta.

Jumamosi, 23 Agosti

Watu walikuwa wengi. Wafanyabiashara wote wa kutoka kwetu Butembo, wake zao, majirani. Pagne moja, kitenge kilekile kwa familia nzima, kijani. Nimevaa na mimi.

Papa Saleh alikuwa mstari wa mbele kama nilivyomwahidi. Nilikuwa nimejiambia nitakwenda Simi-Simi kumweleza kabla. Jumatatu sikwenda, Jumanne sikwenda. Niliogopa uso wake. Alikaa na magongo katikati ya magoti, goti moja na nusu, kiatu chake kimepigwa rangi.

Wakazima taa. Papa akatoka nyumbani, akatembea. Vigelegele vilianza mlangoni mwa ukumbi na kufika mbele. Watu walisimama. Tonton Kambale alipiga makofi juu ya kichwa. Papa akafungua duka, akapunga mkono, ikaisha, taa zikawaka.

Papa Saleh alikuwa bado anaangalia ukuta. Watu walikuwa wanakaa, palikuwa na ukimya kidogo, na yeye ana sauti kubwa ya mtu anayeshinda karibu na cherehani. Alisema kwa kucheka, macho yamejaa:

"Kumbe. Sasa ameshavaa mpaka kiatu yangu."

Waliokuwa karibu walicheka. Halafu waliojua wakaacha kucheka. Halafu wasiojua wakauliza, na wakaelezwa, kiti kwa kiti, na nilikuwa naona maneno yanavyorudi nyuma ya ukumbi. Watu wakaanza kuutazama ule ukuta mtupu, halafu waliojua nani aliagiza wakamtazama Gratien. Mtu mmoja nyuma alisema kwa sauti: "Lakini kweli, mguu wake uko wapi?" Kana kwamba tumeuiba.

Gratien alisimama. Akatoka kwa mlango wa pembeni bila kuchukua koti lake.

Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Nilifurahi mpaka vidoleni. Nilitafuta uso wa Mama nigawane naye furaha, na Mama alikuwa ananitazama mimi. Hakumfuata mtoto wake kwa macho. Alinitazama mimi, kama mtu anayemwona mwizi sokoni na kukuta ni jamaa yake.

Chakula sikukionja.

Jumapili, 24 Agosti

Gratien amekuja kwenye chumba changu cha kazi baada ya misa. Amekaa juu ya ndoo, viti vyote bado viko parokia. Hakuwa na miwani.

"Ulijua," amesema. Hakuuliza.

"Nilikuwa chini ya kitanda."

"Ulikuwa unalala."

"Sikuwa ninalala, yaya."

Nje mtu alikuwa anasukuma toleka, baiskeli mbovu ya abiria, mnyororo unalia. Alipopita, Gratien akasema: "Donc ule muguu uliufanya juu yangu."

Ningeweza kusema hapana. Ningeweza kusema nilimfanyia Papa, kwa heshima yake, kwa ukweli. Nimekuwa nikijiambia hivyo tangu Julai. Nikasema ndiyo.

Akatikisa kichwa taratibu. Hakukasirika. Ningependa angekasirika.

Halafu akanieleza kitu. Siku alipoingizwa hospitali kumwona Papa mara ya kwanza, Papa alikuwa amelala, shuka limelala tambarare upande mmoja. Gratien alidhani atapigwa. Alitaka kupigwa. Papa alifumbua macho akamuuliza: "Njiwa zilipona?" Gratien akasema mbili zilipona. Papa akasema vizuri. Na hawakuongea tena juu ya jambo hilo, hata siku moja, miaka ishirini na minne.

"Angenipiga," Gratien akasema. "Angenipiga mara moja tu, ningekuwa nakuja nyumbani."

Sikumkumbatia. Sikujua nianzie wapi, mkono gani. Tulikaa mpaka umeme ukaondoka na betri ya kompyuta ikaanza kulia ile kengele yake. Nikaizima. Akatoka.

Jumanne, 26 Agosti

Nimemsindikiza Bangboka. Tumepeana mkono kama watu wa ofisi. Akasema nimpe Papa Saleh salamu, nikasema nitampa. Ndege ikachelewa, tukabaki tumesimama tena dakika arobaini, baada ya kwisha kuagana.

Nyumbani nimemkuta Mama ametoa albamu zote juu ya meza. Hajawahi kunipigia kelele tangu nilipokuwa mtoto, na leo hakupiga. Alinionyesha kwa kidole, picha moja baada ya nyingine. Papa dukani, mpaka kiunoni. Papa harusini kwa shangazi, mpaka kiunoni. Papa siku ya diploma yangu, nimemshika bega, wote tumekatwa kiunoni.

"Kila mupiga picha, Papa yako alikuwa anamuambia: kata hapa," Mama akasema. "Ulizani juu ya nini? Haya? Papa yako hakuwa na haya. Alisema: mutoto akifungua album, asikutane na ule muguu."

Mutoto. Alimaanisha Gratien. Siku zote mutoto alikuwa Gratien, mtu mwenye ndevu, Kinshasa.

Kwa hiyo nilikuwa napigania kitu ambacho Papa mwenyewe alikificha maisha yake yote. Na hakuna aliyeniambia. Niliuliza: mbona kwenye kikao hukusema? Akasema kama angesema hilo angelazimika kusema na lingine. Katika nyumba hii ukimya ni chakula, tunapakuliwa wote sahani moja.

Nina hasira na Mama. Nina hasira na Papa pia, na hilo ni jipya. Alimwonea huruma yule aliyekwenda zake. Sisi tuliobaki na mafuta na pini na mlango wa choo, hakuna aliyekata picha kwa ajili yetu.

Alhamisi, 28 Agosti

Nimekwenda Simi-Simi. Nilitaka kuomba msamaha. Papa Saleh alikuwa anapima kijana suti, pini mdomoni, akanionyesha benchi. Nilimpa salamu za Gratien. Nikamwonyesha kwenye simu ile filamu ya kwanza, ya koti la bluu. Ameiangalia mara mbili. Akasema bega ni sawa. Akasema gongo la kulia liko mbali kidogo na mwili, Papa angeanguka.

Ni kweli. Nimelisogeza leo mchana.

Halafu nikauliza sasa anafanyaje na viatu. Akasema ananunua jozi, kile kingine anakiweka. Hakusema anakiweka wapi, na sikuuliza.

Jumapili, 31 Agosti

Mvua tangu asubuhi. Misa ya pili tumekosa.

Mama ameingia chumba cha kazi. Hakuwahi kuingia zaidi ya mlangoni, anaogopa nyaya. Amekaa kwenye kiti changu, mimi nikasimama. Akauliza kama Papa yuko humo. Nikasema yuko. Akauliza yupi. Nikasema wote wawili.

"Basi umukalishe," akasema. "Kila siku munamutembeza. Amechoka."

Nimemkalisha. Nimechukua kiti cha mbao katika vitu vya programu, nimeweka meza mbele yake, nimempa lile koti la bluu. Mikono juu ya meza. Imechukua kama saa moja, na Mama hakuondoka. Alikuwa anaangalia jinsi kitambaa kinavyoshuka na kutulia kwenye mabega.

Nilipomaliza alisogea karibu na skrini mpaka pua ikakaribia kuigusa. Akaweka kidole shingoni mwa Papa.

"Kola imekaa upande."

Ilikuwa imekaa upande. Nimeivuta.

"Kidogo tena."

Nimeivuta kidogo tena. Akasema sasa iko sawa. Akabaki anamwangalia, na mimi nikabaki nimesimama nyuma yake, na mvua ikaendelea, halafu akaenda jikoni kuwasha makaa.